Oili iliyohama: Defender ya vitunguu na joto la Kitonga

Mwenye gari ni mama anayefanya biashara ya vitunguu. Ananunua Ruaha Mbuyuni, anauza Iringa mjini, vingine vinaendelea mpaka Mafinga. Gari lake ni Land Rover Defender 110, pikapu yenye injini ya 300Tdi, alilolinunua mnadani baada ya mradi mmoja kufunga virago. Walikuja gereji mwishoni mwa Juni, asubuhi ya baridi ile ya Iringa inayokufanya ushike spana na kitambaa. Alikuwa na dereva wake, na mkononi daftari la mistari lenye kumbukumbu za gari. Daftari hilo nitalirudia, kwa sababu jibu lilikuwa limeandikwa mle wiki nyingi kabla ya mimi kulipata, na siku ile nililiona nikalirudisha bila kulisoma.

Dereva ndiye aliyeeleza ugonjwa. Asubuhi gia namba mbili haiingii bila kukwaruza mpaka gari litembee robo saa. Akipanda mlima wa Kitonga, kati ya Mbuyuni na Iringa, na mzigo, akifika juu sakafu ya katikati imepata moto kiasi kwamba amekunja gunia tupu na kulitandika kando ya gia, maana ndala ilianza kulainika. Kuna harufu, si ya klachi, anasema yeye, ni kama ya kiberiti. Na tangu mwezi uliopita gari linalia mluzi kwenye gia ya kwanza, ya pili na ya tatu. Likiingia ya nne linanyamaza.

Mama akanikatisha nilipokuwa naendelea kumhoji dereva. "Fundi wangu, mimi nataka kitu kimoja tu. Oili gani inastahimili joto? Niandikie jina nikanunue."

Ni swali ambalo kila mwenye gari la zamani la nne kwa nne huja nalo, na sikumlaumu. Nikamwomba siku mbili, na nafasi ya kusafiri nao mara moja kabla sijafungua nati yoyote.

Ni giaboksi gani kwanza

Magari haya yameshonwashonwa. Unaweza kukuta Defender ya mwaka 1996 ina giaboksi ya gari la mwaka 1988, kwa hiyo kadi ya gari haitoshi. Njia ya haraka ni kuangalia rivasi iko wapi. Kama iko kushoto juu, kando ya namba moja, hiyo ni LT77. Kama iko kulia chini, nyuma ya namba tano, ni R380, iliyoanza kuingizwa mwaka 1994. Hili lilikuwa R380. Jina lenyewe linasema jambo: 380 ni msokoto, yaani nguvu ya kuzungusha, ambao giaboksi imetengenezwa kuubeba, Nm 380, na injini ya 300Tdi inatoa Nm 265 tu. Kwa maneno mengine, aliyetengeneza aliacha akiba nzuri. Giaboksi ya namna hiyo ikiungua, usikimbilie kusema injini imeizidi nguvu.

Nyuma ya R380 imefungwa transfa, LT230, sanduku jingine linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, nalo lina oili yake. Hapa ndipo penye utata wa kisa hiki. Masanduku mawili yamebanana mgongo kwa mgongo, shafti moja imepita kutoka la kwanza kuingia la pili, na kila moja linataka oili ya aina yake. R380 ya kipindi kile inataka haidroliki, yaani ATF ya Dexron, lita 2.67. Transfa inataka oili ya gia, 80W-90, lita 2.3. Kinachozitenganisha ni mpira wa sili tu.

Iringa mafundi wengi tumelelewa kwenye Toyota. Land Cruiser yenye giaboksi ya H55F unaimiminia oili nzito ya namba 90 na inakushukuru. Kwa hiyo fundi akiona giaboksi ya gari zito, mkono wenyewe unakwenda kwenye kopo la 90. Fundi aliyenitangulia kwenye gari hili alikwenda mbele zaidi, akaweka 140. Dereva aliniambia sababu alizopewa: gari linabeba mzigo mkubwa, na oili nzito haivuji.

Safari ya kwanza

Nilinunua kibunduki cha kupimia joto miaka kadhaa iliyopita. Si kile cha wakati wa korona, hicho kinaishia kwenye homa. Hiki kinasoma mpaka nyuzi 300 na zaidi. Ila kina hila yake: ukikielekeza kwenye alumini tupu kinakudanganya, kinasoma chini sana, kwa sababu alumini inayong'aa inaakisi joto la vitu vingine badala ya kutoa lake. Nikasugua sehemu mbili kwa msasa, moja kwenye giaboksi na moja kwenye transfa, nikazipaka rangi nyeusi isiyong'aa ya silensa, duara la ukubwa wa kizibo cha soda. Vipimo vyote nitakavyovitaja vilichukuliwa kwenye madoa hayo.

Tulishuka Mbuyuni, tukapakia magunia kumi. Nasema magunia kwa heshima, yalikuwa lumbesa, na kila moja lilihitaji vijana watatu. Uzito wa mwisho unaoruhusiwa kwa Defender 110 ya kawaida ni kilo 3,050, gari lenyewe likiwa limo. Tulikuwa tumepita hapo, na mama anajua, na mimi najua, na biashara ya vitunguu ina hesabu zake.

Bonde lile la mibuyu lina joto. Unatoka pale ukiwa umeshavuja jasho, ndipo unaanza kupanda Kitonga nyuma ya semi tela zinazokwenda mwendo wa mtu anayetembea haraka. Dereva alipanda kwa namba mbili, akirudi namba moja, akirudi mbili, transfa ikiwa kwenye H, gia yake ya kasi, klachi ikifanya kazi kila kona. Nikaangalia mkono mdogo wa transfa: umelazwa kushoto. Difuloki, kufuli ya difu ya katikati, imefungwa, na tuko kwenye lami kavu.

"Kaka, hii umeifunga saa ngapi?"

"Hii huwa naifunga hapa chini ya mlima. Si inaongeza nguvu?"

Taa ya difuloki kwenye dashibodi ilikuwa imekufa, kwa hiyo hakuna kilichomkumbusha. Defender inaendesha magurudumu yote manne wakati wote. Ukiifunga difu ya katikati kwenye lami, kila kona magurudumu ya mbele na ya nyuma yanagombana, na ugomvi huo unaishia kuwa joto ndani ya transfa. Nilimwachia aendelee mpaka juu, nikitaka kipimo cha hali yake ya kila siku. Tuliposimama juu, kabla ya kuingia Ilula, doa la giaboksi lilisoma nyuzi 124. La transfa 112.

Hiyo 124 ni mbaya. Oili ya kawaida ya madini inaanza kuchakaa haraka ikipita 100 au 110 kwa muda mrefu, na kwa makadirio ya mafundi, kila nyuzi 10 unazoongeza zinakata umri wake nusu. Mpira wa sili nao unaumia. Unakuwa mgumu, unapoteza mdomo wake wa kubana shafti.

Nilichokitoa, na nilichokikosea

Kesho yake nilimwaga oili zote mbili. Ya giaboksi ilitoka kama uji wa ulezi uliopoa, nyeusi, na harufu ile ya kiberiti aliyoisema dereva ilikuwepo. Kwenye sumaku ya nati kulikuwa na lami laini ya kijivu, hakuna vipande. Nikamwaga na ya transfa kwenye karai lilelile.

Karai lilelile. Hapo ndipo nilipojifungia ushahidi wangu mwenyewe. Sikupima kila sanduku limetoa kiasi gani, sikuangalia rangi ya moja kando ya nyingine. Niliona 140 kwenye giaboksi, nikaona difuloki imefungwa, nikajiambia nimeshapata wezi wawili na hakuna wa tatu.

Kuhusu 140 sikuwa nimekosea. Uzito wa oili hupimwa kwa sentistoki ikiwa na joto la nyuzi 100. Oili ya namba 140 inaanzia 24. Haidroliki ya Dexron iko kwenye 7 hivi. Yaani hata zote zikiwa za moto, moja ni nzito zaidi ya mara tatu, na asubuhi ya Iringa tofauti hiyo haina hata mfano. R380 si giaboksi ya kurushiwa oili na meno tu. Ina pampu ndogo ndani inayosukuma oili kupita katikati ya shafti kuu kwenda kwenye beringi na gia. Pampu hiyo ilitengenezwa kwa haidroliki. Ukiipa 140 ya baridi, inavuta kwa shida, na sehemu za ndani zinazunguka nusu kavu wakati sanduku limejaa oili. Meno nayo yanaikoroga ile nzito, na kukoroga ni kazi, na kazi ile inageuka joto bila kusogeza gari hata hatua moja.

Gia kukwaruza ni hapohapo. Pete za sinkronaiza zinashika kwa msuguano, lazima kwanza zikate utando wa oili ndipo zishike. Utando wa 140 ya baridi haukatiki upesi, kwa hiyo dereva anasukuma gia kabla meno hayajalingana mwendo.

Kisha kuna herufi mbili na tarakimu moja ambazo watu wengi hawazisomi kwenye kopo. Lile kopo la 140 lilikuwa GL-5. GL-5 ilitengenezwa kwa ajili ya difu za nyuma, zile zenye meno yanayoteleza yakibanana kwa nguvu sana, na imetiwa dawa ya salfa na fosforasi karibu mara mbili ya GL-4. Salfa hiyo ndiyo harufu ya kiberiti. Kwenye difu ni kinga. Kwenye giaboksi yenye pete za shaba, hasa ikiwa ya moto, dawa nyingine za GL-5 zinaila shaba polepole, na utelezi wake unaifanya pete ishindwe kushika. Zipo GL-5 za kisasa zilizopunguziwa ukali, lakini mtu anayekuuzia kwa kipimo kutoka kwenye pipa hatakwambia ni ipi.

Basi nikaweka haidroliki kwenye giaboksi, lita 2.67 zikafika usawa wa boli ya kujazia. Transfa nikaiwekea 80W-90 mpya, lita 2.3. Dereva akaapa kuacha difuloki mpaka kwenye tope. Nikakagua matairi: yote manne ukubwa mmoja na yamelika sawa, maana matairi yasiyolingana nayo huichosha difu ya katikati kutwa nzima. Nikagusa gudulia (dramu) la handibreki nyuma ya transfa baada ya safari fupi, kwa sababu handibreki ya Defender iko pale, na ikibana kidogo tu inaipika transfa. Ilikuwa ya uvuguvugu. Viatu vyake vilikuwa vipya. Hilo nalo nililiona nikalipita.

Safari iliyofuata dereva alipiga simu kutoka Ilula akiwa na furaha. Gia zinaingia kama siagi. Nilimwazima kibunduki, akanisomea: giaboksi 103, transfa 96. Nikajipongeza.

Wiki ya tatu

Wiki ya tatu akarudi. Giaboksi 119, transfa 117. Mluzi umeongezeka. Difuloki hajaigusa, na nilimwamini kwa sababu nilishamtengenezea taa.

Namba ya giaboksi haikunishangaza sana kama ile ya transfa. Transfa ilikuwa imeshuka mpaka 96 mara tu alipoacha difuloki, na tangu siku hiyo hakuna aliyeigusa. Mzigo uleule, mlima uleule, oili bado mpya. Kwa nini ipande nyuzi 21? Giaboksi peke yake ikipanda, unaweza kusema beringi zinaaga. Zote mbili zikipanda pamoja, kuna kitu wanachoshirikiana, na wanashirikiana shafti na ile sili.

Safari hii nilitafuta ndoo mbili safi na jagi la plastiki lenye vipimo. Nilifungua kwanza boli ya usawa mgongoni mwa transfa. Kama kila kitu kiko sawa, oili inakaa pale ukingoni, labda tone moja. Hapa ilitoka yenyewe, ikamwagika mpaka kwenye kiwiko changu, na haikuwa na rangi ya asali. Ilikuwa kama rozela iliyotiwa asali, wekundu ndani ya udhahabu. Nikaikinga yote. Lita 3.2. Giaboksi ikatoa lita 1.7.

Jumla 4.9. Nilikuwa nimeweka 4.97, na kile kidogo kilichobaki kimelowanisha meno huko ndani. Hakuna hata tone lililovuja chini. Oili ilihama nyumba.

Giaboksi ikabaki na upungufu wa karibu lita nzima, pampu yake ikavuta hewa pamoja na oili kila gari lilipoinua pua mlimani. Transfa ikajaa kupita kiasi, meno yake makubwa yakawa yanaipiga ile ziada mpaka inatoa povu, nayo povu halipozi kitu. Upungufu huku, ziada kule, na pote pawili joto.

Ndipo nikamwomba mama daftari. Ana mwandiko mzuri, tarehe upande wa kushoto, fedha upande wa kulia. Aprili: oili ya gia, nusu lita. Wiki mbili baadaye, oili ya gia, nusu lita. Mei: viatu vya handibreki. Mwisho wa Mei: oili ya gia, nusu lita. Lita moja na nusu imeongezwa kwenye giaboksi ambayo haijawahi kuacha doa sakafuni. Na handibreki haikuwa imekwisha kwa kutumika. Transfa iliyojaa ilikuwa ikitema oili kupitia sili yake ya nyuma, inaingia kwenye gudulia, viatu vinalowa, handibreki haishiki. Aliyebadilisha viatu alifuta oili, akafunga.

"Mama, hii ya Mei ulijua ni ya nini?"

"Dereva alisema handibreki haishiki. Nikatoa hela." Akaniangalia. "Kumbe ulitakiwa ulisome siku ile ya kwanza."

Sikuwa na la kujibu.

Sili, na bomba la kupumulia

Tuliishusha transfa siku ya Jumatatu. Sili ya nyuma ya giaboksi ilikuwa imekauka kama ganda la chungwa lililoachwa juani. Niliikunja kwa vidole ikapasuka. Ile kola ya chuma ambayo mdomo wa sili unapanda juu yake ilikuwa na mfereji uliochimbwa, unaushika kwa ukucha. Ukibadilisha sili na kuiacha kola ile, unapoteza Jumatatu nyingine.

Lakini sili mbovu peke yake huhamisha oili taratibu. Hapa lita nzima ilihama ndani ya wiki tatu, kuna kitu kiliisukuma. Giaboksi ina bomba jembamba la kupumulia. Hewa ya ndani ikipata moto inatanuka, inatokea pale. Nikapuliza kwa mdomo, hakuna kinachopita. Nikaingiza waya, ukatoka na udongo mkavu na mabaki ya kiota cha nyigu, wale wanaojenga kwa tope kwenye kila tundu wanalolikuta. Giaboksi yenye joto la nyuzi 120 na haina pua lazima itafute pa kutolea pumzi, nayo ilitolea kwenye transfa, oili ikifuatana na hewa.

Sasa kuna jambo ambalo ni lazima niliseme dhidi yangu. Yule fundi wa 140 hakuwa anaropoka aliposema oili nzito haivuji. Ile 140 ilikuwa inapita kwenye sili mbovu kwa uvivu, nusu lita kwa wiki kadhaa. Mimi nilipoweka oili sahihi, nyepesi, bila kuigusa sili, niliifungulia njia. Gia ziliingia kama siagi na ugonjwa ukakimbia mara mbili.

Tulipoichomoa gia ya kuingilia ya transfa tukakuta unga mwekundu kwenye meno ya shafti. Wageni wa Land Rover huudhani ni kutu ya maji. Ni chuma kinachosagana kikiwa kikavu: meno yale yako mahali ambapo gia za zamani hazikufikishiwa oili. Baadaye zilitoka gia zilizotobolewa matundu ili oili ya transfa ifike pale, nikapata moja iliyotumika lakini nzima. Haikuwa chanzo cha joto letu. Ilikuwa tu ujinga kufunga sanduku lile bila kuiweka.

Mluzi, na namba nne

Kilichobaki ni ule mluzi. Kwenye R380 gia ya nne inapita moja kwa moja, shafti ya mbele mpaka ya nyuma, bila kupitia shafti ya chini. Gari likilia kwenye gia nyingine zote na kunyamaza kwenye ya nne, zinazolalamika ni beringi za shafti ya chini, ambazo kwenye ya nne zinazunguka bila kubeba mzigo. Zilikuwa zimeshaumia kwa kipindi kile cha nusu kavu. Kuzibadilisha ni kuifungua giaboksi yote, na msimu wa vitunguu ulikuwa umeshika moto. Mama alikataa, na kwa hesabu zake alikuwa sahihi.

Tukatafuta namna ya kuzipunguzia kazi. Uwiano wa namba mbili ya R380 ni 2.13, na H ya transfa ya Defender ni 1.41. Zidisha, unapata 3.0. Namba nne ni 1, na L ya transfa, gia yake ya nguvu, ni 3.32. Yaani namba nne kwenye L inavuta kama namba mbili kwenye H, nguvu kidogo zaidi, mwendo kidogo pungufu. Tofauti ni kwamba kwenye ile ya pili giaboksi inabeba mzigo wote kwa meno na beringi mbovu, na kwenye ya nne mzigo unapita moja kwa moja, kazi ya kupunguza mwendo inafanywa na transfa, ambayo ni nzima na ina gia nene kama za trekta.

Kwa hiyo dereva sasa anasimama kabisa chini ya mlima, anaingiza L, anahakikisha difuloki imeachiwa, anapanda kwa tatu na nne. Mwanzoni hakutaka. L kwake ilikuwa ya kwenye tope, na wenzake wangemcheka. Akajaribu mara moja, akagundua kwamba hata klachi anaigusa mara chache, kwa sababu gia zimekaribiana na semi tela ya mbele haimlazimishi kurudi namba moja.

Mama bado alikuwa anadai jina la oili. Nilimwandikia mawili. Kwa transfa, 80W-90, hakuna mjadala. Kwa giaboksi, MTF94, oili ambayo Land Rover wenyewe walihamia baadaye kwa R380, nzito kidogo kuliko haidroliki lakini bado nyepesi kwa pampu yake. Giaboksi iliyochoka, inayopanda Kitonga na lumbesa, inafaidika na ule uzito kidogo. Iringa sikuipata, ikaagizwa Dar. Nikamwambia pia kwamba akikwama njiani na ameikosa, aongeze haidroliki ya Dexron bila hofu. Asikubali mtu ammiminie 90, hata akiapa.

Kwenye ukuta wa chuma chini ya boneti niliandika kwa rangi nyeupe: GIABOKSI MTF94 AU ATF – 2.67. TRANSFA 80W-90 – 2.3. KAMA MOJA IMEPUNGUA PIMA NYINGINE.

Kipimo cha mwisho nilichochukua mwenyewe, Septemba, juu ya Kitonga, magunia kumi: giaboksi 95, transfa 104. Transfa imepanda kuliko ilivyokuwa kwenye safari ya siagi kwa sababu sasa ndiyo inayofanya kazi ya kupanda, na kwa 80W-90 naiona inavumilika, ingawa nimemwambia aibadilishe mapema kuliko alivyozoea. Oktoba nilimwaga zote kwenye ndoo mbili: giaboksi lita 2.6, transfa 2.3, kila moja na rangi yake. Namba mbili bado inakwaruza kidogo asubuhi ya kwanza, pete yake imeshalika, na mluzi upo, chini kidogo ya sauti ya redio. Giaboksi itashushwa Januari, vitunguu vikiisha. Mama ameshaiandika kwenye daftari, upande wa kulia ameacha wazi.